Roboti ya Kabatini Haimfundishi Mtu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Nami leo, kwa idhini yenu walimu wetu wapendwa na nyinyi wanafunzi wenzangu, naomba kuukopa usemi huo niupeleke kwenye shamba ambalo wahenga wenyewe hawakulijua, nalo ni shamba la roboti. Siku hizi kila mtu anataja roboti. Mwanasiasa akizungumza juu ya vijana ataitaja. Mgeni wa heshima siku ya kutoa zawadi ataitaja. Hata mamono waliofika juzi na masanduku yao ya bati watakuambia ati wanataka kuwa wahandisi wa roboti. Lakini hebu muulize mmoja wao, "Haya, umeunda ipi?" Atakujibu papo hapo: "Hatuna vifaa."

Mimi nakataa. Vifaa tunavyo tele. Tunachokosa ni ruhusa ya kuvigusa, kuvifungua na hata kuviharibu. Na maoni yangu ni haya: roboti ndogo iliyoundwa kwa takataka, ambayo mwanafunzi anaweza kuifungua, kuitengeneza ikiharibika na kumweleza mwenzake inavyofanya kazi, ina thamani kuliko roboti ya bei ghali iliyofungiwa kabatini ikingoja siku ya wazazi.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana sisi ni watu wa lugha. Neno hili lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa mwandishi Mcheki, Karel Čapek, uliochapishwa mwaka wa 1920. Kwa Kicheki, "robota" ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo Waswahili waliiita shokoa. Kumbe roboti ni mtumwa wa shokoa! Lakini si kila mashine inayotembea ni roboti. Roboti hutambua jambo, ikaamua, kisha ikatenda. Feni huzunguka tu. Haijui kama wewe unaona joto au baridi. Kidude kikigonga ukuta na kikageuka chenyewe, hapo tunaweza kuanza kukiita roboti, hata kama kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Sasa turudi kwenye kabati. Ziko shule ambazo zimebahatika kununuliwa sanduku la vipande vya roboti kutoka ng'ambo. Ni jambo jema, na waliotoa wabarikiwe. Lakini mara nyingi sanduku hilo huambatana na onyo: "Atakayepoteza kipande atalipa." Jiulize, mwanafunzi mwenzangu, onyo hilo linamwambia nani? Mwana wa tajiri halimtishi, maana babake atalipa. Anayetishika ni yule ambaye karo yake yenyewe hulipwa kwa kuuza mbuzi na maharagwe. Huyo atasimama nyuma, mikono mfukoni, awatazame wengine wakigusa. Pengine yeye ndiye mwenye kipawa kuliko wote, lakini atamaliza shule bila kushika hata skrubu moja. Takataka haina ankara. Ukivunja mota iliyotolewa kwenye mashine mbovu, umepoteza nini? Hakuna mzazi atakayeitwa. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuitetea takataka. Inamruhusu kila mtu kukosea.

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya kujifariji kwa sababu ya umaskini. Hata huko Uingereza mambo yalianza hivyo hivyo. Mwaka wa 1948 na 1949, mtaalamu wa ubongo aliyeitwa William Grey Walter, aliyefanya kazi mjini Bristol, aliunda roboti mbili zilizofanana na kobe. Aliziita Elmer na Elsie. Hakuagiza vifaa maalumu; alitumia mabaki ya vifaa vya vita na meno ya saa kuukuu. Kila kobe alikuwa na jicho moja la kuona mwanga, kigusio kimoja cha kuhisi akigonga kitu, mota mbili na vali mbili kama za redio za zamani. Vitu vichache tu! Lakini kobe hao walifuata mwanga, walikwepa vizuizi, na betri ilipopungua nguvu waliweza kurudi kibandani mwao kujazwa umeme. Watu walishangaa wakadhani wana akili.

Na karibu nasi zaidi, mwaka wa 2012, Mtandao wa Roboti wa Afrika, ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana pamoja na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulitangaza shindano. Watu waliombwa kubuni roboti ya kufundishia ambayo gharama yake ingekuwa kama dola 10 hivi. Mmoja wa washindi, Thomas Tilley aliyekuwa akiishi Thailand, alichukua kishikio cha mchezo wa video, akatumia mota zake za kutetemesha kuendesha magurudumu. Kisha, bwana wee, akachomeka peremende mbili za kijiti juu ya vile vifimbo viwili vya kuchezea. Roboti ikigonga kitu, peremende huyumba, vifimbo vikasukumwa, na kompyuta iliyounganishwa nayo kwa waya ikajua kuwa kuna kizuizi. Gharama yake ilikuwa dola 8 na senti 96. Ama kweli, mgaagaa na upwa hali wali mkavu!

Basi upwa wetu uko wapi? Uko kila mahali. Nenda kwa fundi wa redio sokoni umwombe mashine ya DVD iliyokufa. Ndani yake utakuta mota ndogo inayotoa na kuingiza kile kisahani, pamoja na giya zake za plastiki. Mashine kuukuu ya kuchapishia karatasi ina mota na vyuma vilivyonyooka vizuri vya kufanya ekseli. Redio ya kaseti ina mota na mikanda ya mpira. Simu za zamani, zile za "mulika mwizi", nyingi zina kijimota cha kutetemesha kidogo kuliko punje ya haragwe. (Naibu wa mwalimu mkuu asishtuke, simu iliyokufa haipigi.) Magurudumu hukatwa kwenye ndara kuukuu, kama watoto wa vijijini wafanyavyo tangu zamani kwenye magari yao ya waya. Sahani ya CD pia ni gurudumu zuri la upana wa sentimita 12, ukiivisha ukingoni kipande cha tyubu ya baiskeli ili isiteleze. Mwili utakuwa kadibodi au kifuniko cha ndoo. Kibanio cha nguo hushika waya vizuri, na mawe manne ya tochi ya volti 1.5 yakipangwa mstari mmoja, chanya kwa hasi, hutoa volti 6.

Ukishapata vitu, shauri langu la kwanza ni hili: anza na kitu kinachotembea leo, usianze na kitu kitakachoongea kesho. Wengi huchora roboti yenye mikono, macho mekundu na sauti ya kutisha, na mpaka muhula unaisha haijapata hata gurudumu. Mtaka yote hukosa yote. Chukua kichwa cha mswaki wa zamani ambao nywele zake zimelala upande mmoja. Kibandike mgongoni kijimota cha simu na kijibetri cha saa cha volti 3. Unganisha waya mbili. Kijimota kina uzito uliokaa upande mmoja, kwa hiyo kikizunguka hutetemeka, na nywele zilizolala hukisukuma kidude mbele. Kitakimbia mezani kama mende aliyemwona paka. Bado si roboti, maana hakitambui lolote, lakini umejua mambo matatu: umeme huzunguka kwa duara, mtetemo huleta mwendo, na mkono wako unaweza.

La pili ni nguvu ya mota. Mota ndogo huzunguka kwa kasi kubwa lakini haina nguvu. Ukiifunga gurudumu moja kwa moja, roboti itakataa kusonga au itaruka kama panzi. Dawa yake ni giya. Kama huna giya, egemeza kijiti cha mota kwenye ukingo wa gurudumu lenyewe, kikisugue. Kijiti chenye upana wa milimita 2 kikisugua gurudumu la milimita 40, lazima kizunguke mara 20 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka. Haya ndiyo yale yale tuliyofundishwa darasani kuhusu mashine sahili, tofauti ni kwamba hapa yanatembea sakafuni.

La tatu ni mizani. Roboti ya magurudumu mawili, kila moja na mota yake, ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu haihitaji usukani. Mota ya kushoto ikisimama na ya kulia ikazunguka, roboti hugeuka kushoto. Mbele yake weka kitu laini cha kuteleza: kifuniko cha soda kilichogeuzwa, au kile kimpira cha kichupa cha marashi ya kwapani. Mawe yakae karibu na ekseli, maana ndiyo mazito. Ukiyaweka mbele kabisa, magurudumu yatazunguka hewani na wewe utabaki kulaumu mota.

Sasa tuipe macho. Hapa ndipo utamu ulipo. Nunua vijicho viwili vya mwanga ambavyo mafundi huviita LDR. Kijicho hiki hupinga umeme sana gizani, lakini kikimulikwa hupunguza upinzani wake. Nunua pia transista mbili za aina ya BD139. Transista ni kama bawabu: umeme kidogo ukibisha mlango wake, hufungulia umeme mwingi upite. Kila kijicho, pamoja na rezista ya omu 1,000 ya kuilinda transista, kiwe kati ya upande chanya na mlango wa transista. Mota iwe kati ya upande chanya na mguu wa kati wa transista, na mguu uliobaki uende hasi. Ukiitazama BD139 upande wenye maandishi, miguu ikielekea chini, mguu wa kulia ndio mlango, na wa kushoto ndio wa kwenda hasi. Ubavuni mwa kila mota weka dayodi ndogo, alama yake ya mstari ikielekea chanya, ili mota ikisimama ghafla isiirudishie transista umeme wa kuiua.

Halafu fanya jaribio hili kwa tochi kali. Unganisha kijicho cha kushoto na mota ya kushoto, cha kulia na ya kulia. Ukiimulika kutoka kushoto, mota ya kushoto itakwenda mbio na roboti itageuka kulia, ikimbie mwanga kama mwizi. Sasa pishanisha waya: kijicho cha kushoto kiamuru mota ya kulia, cha kulia kiamuru ya kushoto. Roboti ile ile itaanza kuufuata mwanga kama kumbikumbi! Hukuongeza kitu, hukupunguza kitu. Umepishanisha waya mbili tu, na woga umegeuka kuwa mapenzi. Mtaalamu Valentino Braitenberg aliandika kitabu kizima mwaka wa 1984 juu ya vigari vya namna hii, akionyesha jinsi waya chache zinavyoweza kumfanya mtazamaji aseme mashine inaogopa au inapenda. Nani atasoma haya yakatembea mbele ya macho yake, kisha asahau?

Roboti ikigoma, na itagoma, usiivunjevunje kwa hasira. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Angalia kwanza waya zilizolegea, maana kila mara huwa ndizo zenye hatia. Angalia kama mawe yana nguvu. Washa mota peke yake, bila transista. Badilisha kitu kimoja tu, jaribu, andika daftarini, ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja ikafanya kazi, hutajua ni kipi kilichokuponya.

Hapa lazima niseme kwa ukali kidogo, ndugu zangu. Ruhusa ya kuharibu vitu si ruhusa ya kujiharibu. Usiunganishe kazi yako na stima ya ukutani. Volti 240 hazina mzaha wala hazijui kuwa wewe ni kiranja. Usifungue televisheni ya kioo kinene wala oveni ya mikrowevu, hata kama imechomolewa, kwa maana kapasita zake huweza kushika umeme wa kuua. Betri ya simu usiitoboe, usiikunje, wala usigusanishe ncha zake; huweza kulipuka moto. Vijibetri vya saa viwe mbali na watoto wadogo, maana wakivimeza huwaunguza ndani. Ukilehemu, fungua madirisha na unawe mikono kabla ya kushika mandazi, kwani lehemu nyingi zina madini ya risasi ambayo ni sumu. Na mtu asilehemu peke yake chumbani wakati wa prepu.

Mwingine atauliza, mbona habari za waya na transista zimeletwa katika jarida la Kiswahili? Nina jibu. Mafundi wetu wa jua kali hufundishana kazi kwa Kiswahili, na mwanagenzi huelewa bila kamusi. Sisi tunasoma fizikia kwa Kiingereza, tukakariri maelezo ya mota, tukapata alama, lakini tukiombwa na nyanya zetu tuwaeleze kwa nini feni inazunguka, tunaanza kukuna vichwa. Mimi naona hicho ndicho kipimo cha kweli. Roboti yako hujaielewa mpaka uweze kumweleza kwa Kiswahili mtu ambaye hakuingia darasani, akatikisa kichwa na kusema, "Naam, sasa nimeona." Iliyonunuliwa ikiwa tayari imefungwa haikupi maneno hayo. Uliyoiunda mwenyewe unayo majina ya kila kiungo chake, maana kila kiungo kilikutesa kwa wakati wake.

Walimu wetu wana hofu yao, nami naiheshimu. Watasema mtihani unakaribia na michezo hii itatupotezea wakati. Naomba kujibu kwa adabu: saa moja kwa wiki, badala ya kuzurura nyuma ya bweni, si hasara. Wengine watasema dunia ya leo inataka programu za kompyuta, si ndara na peremende. Kweli, programu tutazihitaji, na sanduku la kabatini lina kazi yake. Lakini mtu anayeandika amri za kugeuza roboti kushoto bila kujua mota gani inasimama, anaiamuru asiyoijua. Aanze chini, kisha apande. Naye akipanda, lile sanduku la ng'ambo hatalivunja, kwa kuwa mikono yake itakuwa imeshazoea.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, liwekwe sanduku la takataka katika maabara ya fizikia, na kila mmoja wetu akirudi kutoka likizo alete kifaa kimoja kilichokufa nyumbani kwao. Pili, chama cha sayansi na chama chetu cha Kiswahili vikutane mara moja kwa wiki chini ya mwalimu, na kila kundi lieleze kazi yake kwa Kiswahili. Tatu, kila mmoja ashike chuma cha kulehemu kwa zamu, wasichana kwa wavulana. Ule mtindo wa msichana kuandika daftari huku mvulana akifunga waya ukome, maana waya haina jinsia. Nne, na hili ndilo ninalolisihi zaidi, ufunguo wa kabati utolewe, na lile onyo la kulipa liondolewe kwa mtu aliyeharibu akiwa anajifunza. Aliyeiba aadhibiwe. Aliyejaribu aulizwe tu, "Umejifunza nini?"

Wenzangu, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa viliundwa na watu waliochafuka mikono. Maonyesho ya sayansi yajayo yasitukute tukisimama nyuma ya meza nadhifu, tukionyesha roboti ambayo hatujui tumbo lake. Yatukute na kobe wetu wa kadibodi, wenye macho mawili na magurudumu ya ndara, wakiifuata tochi ya mwamuzi ukumbini. Na mwamuzi akiuliza ndani mna nini, mono wa kwanza kusimama awe na jibu.